Kopo la Mwisho la Sosi

Dada yangu alikuwa na mazoea mabaya ya kuhifadhi chakula kwenye makopo ya aiskrimu. Watoto wake walikua wakidanganywa hivyo. Ungemwona mmoja anafungua friji kwa furaha, kijiko kiko tayari mkononi, anabandua kifuniko, halafu uso unamshuka: maharage. Nami nilidanganywa, tena ukubwani, na sitaki kulizungumzia.

Kopo lililobaki baada ya yeye kufariki halikumdanganya mtu. Kila mmoja nyumbani mle alijua lina nini. Ilikuwa sosi ya nyama ya kusaga na nyanya, ile ya spageti ya Jumapili. Dada alijifunza kuipika kwenye mgahawa wa Kiitaliano, alikoanza kwa kuosha vyombo akaishia kushika mwiko. Alipika sufuria kubwa, nusu wakala, nusu akaigandisha, na wiki ile ile presha ikamwangusha bafuni, asiamke tena. Waliokuja msibani walikula kila kilichokuwemo ndani, hadi ndimu zilizonyauka kwenye mlango wa friji. Kopo hawakuliona kwa sababu shemeji yangu alikuwa amelisukuma nyuma kabisa, likafichwa na barafu.

Shemeji ni fundi wa mafriji. Mtaa mzima unamwita Baridi, na jina limemkaa, maana ni mtu asiyepandisha sauti wala kumaliza sentensi. Mafriji ya watu aliyafufua, ya kwake akaiacha ijifie. Barafu ilikuwa imejaa hadi droo ya juu inavutika kwa shida, na mpira wa mlango ulikuwa umelegea, ukishafunga lazima usukume kwa goti. Nilimwambia mara nyingi: shemeji, izime, yeyusha barafu, weka mpira mpya. Alijibu kwamba ataifanya. Nikamwambia kama ni kopo analolihofia, nilipeleke kwangu, friza yangu ni nzima. Alinitazama kana kwamba nimemwomba mmoja wa watoto wake.

Basi nikaelewa, na nikakasirika. Kisha hasira ikaniishia, kwa sababu kwenye saluni yangu kuna kitana alichokuwa akikitumia dada, kina nywele zake, na sijakiosha hadi leo.

Jumamosi moja nilifunga saluni mapema, mteja wangu wa mwisho kaahirisha kusuka, nikapita kwao kuwaangalia watoto. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nilipofika jikoni nilikanyaga maji. Friji ilikuwa imeachama, inanguruma kwa shida, na barafu inadondoka vipande vipande sakafuni. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa amekaa Kishungi, gauni limelowa, kopo amelipakata.

Kishungi ndiye mdogo, yuko darasa la pili. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu nywele zake nizisuke nitakavyo, lazima kishungi kimoja kichomoke utosini. Zamani alikuwa kasuku. Tangu mama yake afariki amekuwa mtoto wa kutikisa kichwa tu, ndiyo au hapana, na chakula anakizungusha kwenye sahani hadi kipoe. Siku hiyo aliongea, na ningependa asingekuwa na sababu ya kuongea.

Alinieleza kwa kukatakata. Kila siku akitoka shule, kabla baba yake na dada yake hawajarudi, hufungua friji, hufunua kifuniko kidogo, hunusa, halafu hulirudisha. Sosi iliyoganda hainuki kitu, hilo hata yeye alilijua. Leo shule haikuwepo, akanusa asubuhi, akasukuma mlango, akaenda kucheza kwa jirani. Aliporudi akakuta maji.

“Nilikuwa nanusa tu, mama mdogo,” alisema. “Baba atanichukia?”

Nilimwambia hapana, baba hawezi kumchukia. Lakini nilisema haraka mno, na watoto wana sikio la mambo hayo. Kusema kweli sikujua. Mtu aliyeshindwa hata kuzima friji kwa ajili ya kopo, atamfanya nini aliyeliyeyusha? Hakuwa mtu wa kupiga, lakini hata kumnyamazia kungetosha. Mtoto yule alikuwa ameshanyamaziwa na mzazi mmoja, na huyo wa pili ndiye pekee aliyebaki.

Nilifunua kopo. Pembeni sosi ilikuwa imelainika, katikati bado kuna bonge la barafu, na harufu ilikuwa nzuri. Ilikuwa harufu ya Jumapili za kwao. Nilifunika upesi. Sikuwa nimejiandaa kumkumbuka dada yangu namna ile.

Kilichokuwa hapo kilikuwa wazi: hiyo nyama ipikwe leo, au itupwe. Nilimpigia shemeji simu, haikupokelewa. Akishaingiza kichwa nyuma ya friji ya mtu huwa hasikii hata radi. Akarudi Wakili, binti yake mkubwa, tuliyempa jina hilo kwa sababu hata salamu huijibu kwa hoja. Alitazama maji, akamtazama mdogo wake. Akachukua tambara akaanza kupangusa.

Mimi nikapanga uongo wangu vizuri. Nitasema ni mimi. Nimefika, nimefungua friji kutafuta maji ya baridi, nikaacha wazi kama nilivyo mzembe. Shemeji anajua mimi ni mzembe, asingeshangaa. Anichukie mimi, nimezoea kuchukiwa na wateja.

Aliingia jioni, jua likiwa bado liko dirishani, mkoba wa zana begani. Hakusalimia. Aliona kopo mezani, akaona friji, akaweka mkoba chini taratibu. Kisha akachukua kopo, akafungua droo ya juu, akaanza kulisukuma ndani.

“Shemeji,” nikamwambia, “imeyeyuka.”

“Itaganda tena.”

“Ina nyama hiyo. Wewe mwenyewe ndiye unayewakataza wateja wako.”

Alisimama vilevile, mkono mmoja ndani ya droo. Nilijua anajua. Nimemsikia mara ngapi akiwaambia watu, kwa upole wake, kwamba nyama ikishayeyuka siku nzima hairudishwi kwenye baridi. Mwishowe akalitoa kopo, akaliweka mezani, akauliza bila kutugeukia nani aliacha mlango wazi.

Nikasema ni mimi. Wakili, Mungu amsaidie mtoto huyu, akasema papo hapo kwamba haiwezekani, mama mdogo kafika mchana na barafu imeanza kuyeyuka asubuhi, tazama maji yote haya. Nilimkata jicho, lakini alikuwa ameshasema. Kishungi akatoka nyuma yangu.

“Ni mimi, baba.”

Shemeji alimtazama. Kisha akachuchumaa mbele ya friji na kupitisha kidole kwenye mpira wa mlango, kuanzia juu hadi chini, akarudi juu tena. Akamwita mwanawe. Kishungi alisogea kama anayekwenda kuchomwa sindano.

Shemeji alichana kipande cha gazeti lililofungiwa vyuma vyake, akakibana kati ya mlango na friji, akasukuma mlango kwa goti kama siku zote.

“Vuta,” alisema.

Kishungi akavuta. Kipande kikatoka bila ubishi wowote.

“Umeona? Mlango mzima ungekishika. Huu haushiki.” Akaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa kitu cheupe kilichokunjwa kwa duara, bado kimo kwenye nailoni. Ulikuwa mpira mpya. Nailoni yenyewe ilikuwa imeshachubuka kwa kutembezwa. “Ninatembea nao huu tangu msiba. Nilitakiwa kuufunga, sikuufunga. Wewe uliufunga mlango, mwanangu. Ni mimi niliyeuacha wazi.”

Kishungi alilia kwa sauti, ile ya mtoto mdogo kabisa, ambayo hata makaburini hatukuisikia. Baba yake alimkumbatia pale pale kwenye maji, gauni na ovaroli vikalowa pamoja. Wakili alijifanya anakamua tambara. Mimi nilikwenda kutafuta sufuria.

“Pika, shemeji,” alisema baadaye. Akainuka, akachomoa waya wa friji ukutani. Friji ikakoroma, ikakata. Nilikuwa sijawahi kuisikia nyumba hiyo bila mngurumo ule.

Chakula chenyewe ni rahisi, hata mimi nisiyejua kupika nakiweza. Unachemsha maji mengi, unatia chumvi, unatia spageti, na sosi unaipasha moto mdogo huku unaikoroga isishike chini. Nilikuwa tayari nimeshika spageti mikono miwili nizivunje katikati Wakili akanizuia. Mama hakuwa akizivunja, alisema, anaziacha zilainike zenyewe ziiname. Nikamwambia kwangu sufuria ni fupi na subira ni fupi zaidi. Akanitazama tu. Nikaziacha zilainike zenyewe.

Shemeji alikuwa nyuma yetu anamwaga maji ya moto kwenye beseni na kuliweka ndani ya friji, barafu ikawa inaachia na kuanguka kwa kishindo. Kishungi alikwangua jibini, nusu kwenye sahani, nusu mdomoni. Harufu ilipanda. Ungechungulia kutoka nje ungedhani ni Jumapili ya kawaida.

Tukakaa. Nikapakua. Kila mmoja akasokota uma wake, akala.

Sosi haikuwa na ladha. Haikuwa imeharibika, ila ilikuwa bubu kabisa, nyanya na nyama na basi. Nikadhani ni mimi, ni majonzi, maana tangu msiba vyakula vingi vimenipotezea ladha. Nikamtazama Wakili, naye ananitazama. Kishungi akaweka uma chini, mdomo ukaanza kumcheza. Alidhani ameiharibu.

Shemeji alitafuna polepole. Kisha uso wake ukabadilika.

“Hakuimaliza,” alisema.

Akatueleza, na sijawahi kumsikia akisema mengi namna ile. Ile ya kugandisha dada aliichota kabla ya kuitia chumvi, kwa sababu ikipashwa hupungua maji, chumvi ikazidi. Chumvi, sukari ya kubana kwa vidole viwili na kipande cha siagi vilikuwa vya siku ya kula. Na siku hiyo dada alikuwa akimwita yeye, mumewe, kutoka sebuleni. Njoo uonje. Anakuja, anapewa mwiko, anasema bado kidogo, dada anaongeza. Yeye hajui kupika, alisema shemeji. Alikuwa anasema bado ili aonjeshwe tena.

Tukarudisha sosi yote sufuriani, hata ile ya kwenye sahani, ikiwa na spageti zake. Shemeji akatia chumvi, akatia sukari, akatia siagi. Akakoroga, akaonja. Halafu akageuka na mwiko mkononi kuunyoosha pembeni kwake, mahali pa kimo cha mtu mzima, na hapakuwa na mtu. Mkono ulibaki hewani. Machozi yalimtoka bila sauti, hakuyafuta.

Akainamisha mwiko hadi kwa Kishungi.

“Njoo uonje.”

Kishungi akapuliza, akaonja. Akafikiri sana.

“Bado kidogo,” alisema.

Baba yake akaongeza chumvi ya kudanganyia, punje chache. Mtoto akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali. Tulikula tukiwa tumesimama kuizunguka sufuria, kila mmoja na uma wake, maana sahani tulikuwa tumeshazichafua. Ilikuwa yenyewe. Ilikuwa yenyewe kiasi kwamba nilitamani kuacha kula ili isiishe, na nikala, kwa sababu wote walikuwa wanakula, na Kishungi alikuwa anakula kwa mara ya kwanza kwa moyo wake wote. Shemeji alimega mkate akafuta chini ya sufuria, akatugawia. Hapo ikawa imekwisha.

Friji ilipokauka alilainisha mpira mpya kwenye maji ya moto, akaufunga mlangoni, mwanawe akimshikia bisibisi. Akachomeka kipande cha gazeti, akafunga mlango bila kutumia goti.

“Vuta.”

Kishungi akavuta, kikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, kikachanika, nusu kikabaki kimebanwa.

“Umeshika,” alisema baba yake, akarudisha waya ukutani. Mngurumo ukaanza, safari hii mwepesi.

Kishungi alifungua akachungulia. Ndani kulikuwa kweupe na kukavu, droo zote tupu.

“Sasa itagandisha nini, baba?”

Shemeji alikuwa anakusanya vyuma vyake. Kopo la aiskrimu lilikuwa kwenye karo, nimeshaliosha. Nikalijaza maji ya bomba, nikalifunika, nikampa mtoto. Alilibeba kwa mikono miwili asimwage, akaliweka droo ya juu, nyuma kabisa, palepale, akafunga mlango.