Daktari wa Viungo na Wanaotaka Mdalasini

Tangu daktari wa viungo afungue chumba chake ghorofani cha kunyoosha magoti na mabega, wengi waliompigia simu walitaka mdalasini. Mwanzoni alicheka. Miezi ilipozidi kwenda na kitanda cha wagonjwa bado kinanukia upya, kicheko kilimkauka. Kwa hali hii angefunga arudi kuajiriwa alikotoka, mahali asipotaka hata kupaona.

Akamwita wifi yake, mke wa kaka yake, mtengeneza tovuti asiyejua kumung'unya maneno.

"Wifi, hivi ulinunua nini wewe?" aliuliza wifi, macho kwenye kompyuta.

"Viungo. Jamaa aliyeniuzia alisema tovuti nyingine zikiweka kiungo cha kuleta watu kwangu, mtandao utaniona mtu wa maana. Akaniwekea viungo mia tatu."

"Kwenye tovuti za iliki na bizari. Kasikia viungo, kakimbilia jikoni."

Daktari aliona aibu, lakini udadisi ukamzidi. Akavuta kiti. Kwani kiungo si kiungo tu?

"Kila kiungo ni mtu anayekutaja," wifi alisema. "Ukisifiwa magoti na wauza bizari, mtandao unakushuku. Akikutaja mmoja tu anayeaminika kwa mambo ya magoti, unapanda."

"Nani sasa anitaje mimi?"

"Umemponya nani?"

Alimponya goti golikipa wa timu ya wanawake, enzi za kuajiriwa. Wakampigia. Kumbe timu ilikuwa na ukurasa wa mazoezi unaosomwa na wachezaji kila mahali. Golikipa akaandika jinsi alivyorudi golini, akaweka kiungo kimoja. Wifi naye akawaomba wauza bizari waondoe vyao.

Kila asubuhi daktari alitafuta mtandaoni "maumivu ya goti" ajione yuko wapi. Ukurasa wa sita. Wa nne. Siku moja akajikuta wa kwanza, akabaki anajitazama kama mgeni. Simu ikalia.

"Samahani, hapo ndipo kwenye viungo?"

"Mdalasini hatuuzi, dada," akajibu kwa mazoea, akakata.

Ikalia tena.

"Usikate, tafadhali. Nimesoma habari za golikipa. Niko hapa chini kwako, goti limegoma kupanda ngazi."

Daktari akainuka kitini.

"Usipande," alisema, tayari yuko mlangoni. "Nashuka mwenyewe."