Kicheko Kilichofichwa Mtungini

Miaka ile Bagamoyo ilikuwa na wapagazi wengi kuliko kuku, na kila mpagazi aliyeshuka kutoka bara alikuwa na habari ya kutia chumvi. Hayo hayakuwashughulisha wanawake watatu waliokuwa wakisuka ukili wa mikeka uani kwa Mwaija binti Bwanausi, mtaa wa Dunda. Wao walikuwa wamepagawa na hadithi. Si umbea, ingawa huo nao hawakuunyima haki yake, bali hadithi zile za kale, zenye masultani wakali na visima vinavyosema.

Kila mmoja alikuwa na lake. Tabia, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alikuwa mtu wa sungura. Mpe sungura anayemwibia fisi nyama, atacheka mpaka miyaa imponyoke mkononi. Mwanvita, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitaka majini na panga. Hadithi ambayo hajakatwa mtu kichwa kabla ya wali kuiva aliiona kama mchuzi usio chumvi. Mwaija yeye alitaka kulia. Hadithi isiyomtoa machozi alisema imempotezea usingizi bure.

Tatizo lilikuwa moja: walikutana mchana. Na nani asiyejua kwamba mtu akitoa hadithi jua likiwa juu huota mkia? Hakuna aliyepata kumwona mwenye mkia, lakini hilo halikuthibitisha kitu, maana mwenye mkia atauonyesha wapi, na kaniki zipo? Usiku nao kila mmoja alikuwa kwake na mume wake na watoto wake, mlango umefungwa. Basi wakajiwekea sheria: kusifu ruhusa, kusimulia marufuku. Ungeweza kusema hadithi yako ina nini, na kwa nini za wenzako ni makapi mbele yake. Lakini ukianza tu kuipanga, huyu akafanya hivi na yule akajibu vile, mwenzako anakuchapa mwaa wa goti.

"Yangu ina jini wa vichwa saba," alisema Mwanvita asubuhi hiyo.

"Vichwa saba, na chenye akili hakuna hata kimoja," Tabia akamjibu. "Sungura angemmaliza hata hajajifunga shuka."

"Jini na shuka wapi na wapi?"

"Ala! Kumbe anatembea uchi? Na wewe unawasimulia watoto mambo hayo?"

Mwaija akacheka, kisha akajitia kuwaonea huruma. "Chekeni tu, wenzangu. Siku mtakayousikia mwisho wa hadithi yangu, ile ya kicheko mtungini, hizo zenu mtazitupa jaani."

"Kila siku mwisho, mwisho," Mwanvita akasema. "Huo mwisho ukoje?"

"Mwisho wake hausemwi mchana."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, mwaka nenda mwaka rudi, na lilikuwa jibu zuri kwa sababu lilikuwa kweli. Hakuna mwisho unaosemwa mchana. Lakini kweli nyingine, ambayo Mwaija hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba huo mwisho alikuwa haujui.

Hadithi alipewa na bibi yake, Bi Mgeni, walipokuwa wakilala kitanda kimoja. Palikuwa na binti mwenye kicheko kikubwa mno. Sultani akakipiga marufuku kwa kuwa kilimwamshia mwanawe. Binti akakificha kicheko chake mtungini, akaufunika kwa kawa, akauweka nyuma ya nyumba. Mfanyabiashara mmoja akapita akaununua mtungi kwa mama yake, asijue kilichomo. Binti aliporudi na kukuta pahali pake patupu akafunga safari kuutafuta, mji kwa mji, hana hata tabasamu. Mwisho akafika penye nyumba kubwa, akasikia kicheko chake mwenyewe kinagongagonga ndani. Akaweka mkono juu ya komeo la mlango. Hapo, kila usiku wa Mungu, Mwaija alilala. Kesho yake huapa kwamba leo halali, na leo hiyo hulala palepale. Mwaka wa kipindupindu Bi Mgeni akaenda zake, na mwisho wa hadithi ukaenda naye. Mwaija aliusifu mwisho huo kwa sababu alimpenda bibi yake, na aliona haiwezekani mtu kama yule awe na mwisho mbaya.

Basi asubuhi hiyo wangali wanabishana juu ya shuka la jini, akaingia Somoe, mke wa Seleman kaka yake Mwaija. Binti yao Mina alikuwa amewekwa ndani kwao, anaolewa kesho yake na Ausi wa Kaole, na ukili uliokuwa ukisukwa pale ulikuwa wa kumalizia mkeka wake.

"Hodi wenyewe! Wifi, mwanao amekwisha chagua."

"Karibu. Amechagua nini?"

"Hadithi ya mkeka. Anataka yako, ya kicheko mtungini. Anasema tangu mdogo anakusikia ukiisifu, na kuisikia hajaisikia."

Mwanvita aliweka ukili chini. "Alhamdulillahi," akasema, na uso wake uling'aa. "Leo tutausikia huo mwisho."

Desturi ya mtaa wao ilikuwa kwamba mkeka wa harusi haulaliwi kabla haujakaliwa kwa hadithi. Jioni ya kuamkia ndoa wanawake huketi juu yake na bibi harusi, akasimuliwa hadithi anayoitaka, na hadithi hiyo sharti ifike mwisho. Ikikatika njiani, ndoa nayo itakatika njiani. Si mzaha huo. Mtaani palikuwa na mwanamke aliyesimuliwa nusu kwa sababu ya mvua, akaachwa kabla ya pilipili zake kuzaa. Sasa Mina, ambaye Mwaija alimpokea kwa mikono yake siku aliyozaliwa, ndiye wa kukalishwa juu ya hadithi isiyo na mkia wala kichwa.

"Nimefurahi sana," akasema Mwaija, akauweka ukili kando. "Wifi, nisaidieni kuushona mkeka. Nina safari kidogo ya Kaole."

"Leo? Na jua hili?"

"Kuna bibi sijamwalika kwa mdomo wangu."

Bibi huyo alikuwa Bi Sihaba, ambaye zamani aliishi na Bi Mgeni chumba kimoja na kulala ubavuni pa kitanda kile kile. Kama kulikuwa na mtu duniani aliyekesha mpaka komeo likafunguka, ni yeye. Mwaija alikata njia ya minazi na mashamba ya muhogo. Akapishana na msafara uliokuwa ukiingia mjini kwa nyimbo na pembe, wala hakugeuka kuutazama. Alikuwa akiapa njia nzima kwamba akiupata mwisho huo, hatajisifu tena maisha yake yote, au angalau mpaka mwezi uandame.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Harusi haijafa?"

"Haijafa, lakini mimi nakaribia." Akamweleza yote, akiwa amepiga magoti kizingitini na jasho linamtiririka.

Bi Sihaba alimsikiliza, kisha akatazama jua. "Hadithi ninayo. Rudi baada ya magharibi."

"Baada ya magharibi nitakuwa juu ya mkeka, bibi. Nisimulie sasa."

"Nimezeeka bila mkia, mwanangu. Unataka nizikwe nao? Waosha maiti watasema nini?"

Mwaija akakaa akafikiri, na shida ikamfundisha. "Bibi, mwiko ni wa jua au wa giza? Tukiliziba jua lisituone, huo utakuwa mchana wa nani?"

Bi Sihaba alilitafakari neno hilo kwa utaratibu, kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. Kisha akainuka. Wakafunga mlango, wakatundika kaniki mbili juu ya tundu la moshi, wakaziba nyufa kwa makumbi ya nazi. Chumba kikawa kama chungu kilichofunikwa. Nje jogoo aliwika, na Bi Sihaba akamwambia jogoo asimharibie usiku wake.

"Lala hapo kitandani," akasema. "Hadithi hii haisimuliwi mtu aliyekaa wima. Paukwa!"

"Pakawa," Mwaija akaitika, akajinyoosha.

Sauti ya bibi ilikuwa ya chini na ya taratibu, yenye mwendo ule ule aliokuwa nao Bi Mgeni, na Mwaija alijua mara moja kwamba amefika kwao. Sultani akakasirika. Kicheko kikaingia mtungini. Mfanyabiashara akapita. Miguu ya Mwaija ilikuwa imechoka, giza lilikuwa la baridi, kitanda kilinukia karafuu. Binti akatembea mji kwa mji. Akaifikia nyumba kubwa. Akaweka mkono juu ya komeo.

Mwaija alipofumbua macho mlango ulikuwa wazi, jua la alasiri limejaa chumbani, na Bi Sihaba yuko kizingitini anachambua mchele, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nimelala?" Mwaija aliuliza, ingawa alikwisha jua. Akajiona mjinga kuliko fisi wote wa Tabia.

"Umekoroma."

"Bibi, mwisho! Nipe mwisho, jua au si jua, nitauvaa huo mkia mwenyewe!"

"Mwisho upi?" Bi Sihaba aliweka ungo chini. "Mimi nilinyamaza ulipokoroma. Bibi yako naye alikuwa akinyamaza hapo hapo. Usiku mmoja nilimwambia, Mgeni, mtoto amelala, lakini mimi niko macho, ikawaje? Akaniambia, 'Najuaje, mwenzangu? Sijapata kuulizwa.' Hadithi aliitunga yeye, mwanangu, akulaze. Ukifika mlangoni ulikuwa umekwisha lala, basi mlango wa nini tena? Akawa anakaa tu gizani na wewe kifuani, mpaka mkono umfe ganzi."

Mwaija alitaka kukasirika na hasira haikuja. Lililokuja lilikuwa kumtamani bibi yake, kwa nguvu ambayo hakuwa nayo hata siku ya maziko.

"Na wanao uliwasimulia?" Bi Sihaba akauliza.

"Niliwasimulia. Nao walikuwa wakilala pale pale."

"Unaona? Ni hadithi nzuri."

"Lakini Mwanvita halali, bibi. Mwanvita hata akifa atafumbua jicho moja."

"Hilo ni lako na Mwanvita," akasema Bi Sihaba, akauchukua tena ungo wake.

Baada ya magharibi mkeka ulitandikwa nyumbani kwa Seleman, mpana, wa rangi tatu, unanukia miyaa mibichi. Mina alikaa katikati amejifunika leso mpya, mikono imepakwa hina. Wanawake walimzunguka. Tabia alikuwa mbele kabisa, na Mwanvita alikaa goti kwa goti na Mwaija, amekodoa macho kama mtu aliyekuja kudai.

Mwaija akaanza. Alisimulia vizuri, kwa kuwa hofu humnoa mtu. Sultani alipokipiga kicheko marufuku, Tabia alimtukana sultani. Mfanyabiashara alipoondoka na mtungi, Somoe akasema, "Yule mama naye! Kuuza bila kuuliza!" Binti alipolala njaa katika mji wa tano, wawili watatu walipangusa macho. Mwaija alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, akiomba angalau mmoja asinzie. Hakuna aliyesinzia. Hata watoto walikuwa macho.

"Akasikia kicheko chake kinagongagonga ndani," akasema. "Akaweka mkono juu ya komeo la mlango."

Akanyamaza.

Kilikuwa kimya ambacho hajapata kukisikia, kwa sababu siku zote kilipofika yeye alikuwa amelala. Humu ndimo alimokaa Bi Mgeni kila usiku, peke yake, na mtoto mzito kifuani na hadithi mkononi isiyo na wa kuisikiliza. Mina alimtazama.

"Ikawaje, shangazi?" Mina akauliza kwa sauti ndogo.

Mwaija akalisukuma komeo.

"Mlango ukafunguka. Ndani hapakuwa na mfanyabiashara, wala askari, wala jini. Palikuwa na bibi kizee, ameketi kando ya mtungi, mkono wake umekufa ganzi kwa kuushikilia. Akamtazama yule binti akasema, 'Kila usiku nasikia unafika mlangoni, kisha kimya. Kila usiku nasema labda kesho. Leo umeingia.'"

Mwaija akalia mbele za watu, bila haya, kama alivyopenda kulia siku zote. Mwanvita, mtu wa panga na vichwa, alikuwa ameuficha uso wake katika ushungi na mabega yanamwenda juu. Kisha akautoa, macho mekundu, akampiga Mwaija goti.

"Sasa usinyamaze! Ndoa ya mtoto hiyo! Mtungi je?"

"Ngoja basi," Mwaija akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya kaniki, "bado naufunua."