Meno Yaliyobaki

Siku Gongo alipofungua kinywa, daktari aliita alama kumi na tisa, na ghala zima la mazoezi ya ngumi likapiga makofi.

Mimi niliyekuwa naandika nilidhani wanatania. Gongo alishuka kwenye kiti, akainua mikono kama mtu aliyetangazwa mshindi, akauzunguka ulingo akionyesha pengo la mbele ambalo kidole kinapita bila kugusa kitu. Wenzake wakampiga mgongoni. Aliyemfuata alipata saba, wakaguna. Mwingine akapata kumi na moja, wakamshangilia. Kisha akakaa mume wangu. Daktari akapita na kioo chake kidogo jino kwa jino, juu na chini, kushoto na kulia, halafu akasema bila kuinua macho, "Sifuri."

Kicheko kilichopigwa pale kiliwatoa njiwa kwenye mabati.

Daktari wa meno alikuwa anafanya utafiti juu ya vinywa vya mabondia. Alitaka kuonyesha kwamba wanaumizana zaidi mazoezini kuliko kwenye mapambano yenyewe, kwa sababu kwenye pambano refa hukagua kinga ya meno, lakini mazoezini hakuna anayeuliza. Akipata ushahidi, chama cha ngumi kitabanwa kiweke sheria. Alinichukua nimwandikie kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, mwandiko wangu unasomeka, na mume wangu ni bondia wa ghala lile lile, hivyo damu haitanitisha. Hapo alikosea kidogo.

Kabla ya kuanza alinikalisha ofisini kwake, mwanangu amelala mgongoni, akanieleza vipimo viwili. Kimoja kinahesabu madhara. Jino lililomeguka lina alama moja, lililovunjika hadi ndani mbili, lililong'oka tatu, na jumla yake ndiyo hali ya kinywa. Cha pili kinahesabu meno mazima yaliyobaki, basi. Nikauliza kipi bora. Akasema hakuna kipimo bora kwa kila kitu, kuna kipimo kinachojibu swali lako. Cha pili ni chepesi, ila mtu aliyepigwa hadi akapoteza mawili atabaki na thelathini, na nani atamhurumia mwenye meno thelathini? Kinaficha kipigo. Cha kwanza kinakianika. Akachagua cha kwanza. Kisha, ili kujua kama kinaaminika, atawapima tena watu wale wale baada ya wiki mbili. Meno ya mtu mzima hayabadiliki hovyo. Namba zikipishana, kosa litakuwa la mkono wake au la kipimo.

Mpango ulikuwa safi. Tatizo lilikuwa ndani ya neno. Kwa daktari, alama ni hesabu tu. Kwa bondia, alama ndiyo uhai. Majaji wanampa alama, anashinda kwa alama, anadhulumiwa alama, na kovu lililo juu ya jicho lake nalo ni alama. Kati ya wote waliopanga foleni siku ile, hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kupata alama nyingi halafu ikawa ameshindwa.

Tangu jioni ile mume wangu akaitwa Sifuri.

Nyumbani mimi humwita Baba Kibogoyo, kwa sababu mtoto wetu wakati huo alikuwa na fizi tupu na kicheko cha mzee. Alilichukulia jina jipya kama mzaha. Alimlaza Kibogoyo kifuani, akamwacha amshike meno ya mbele kwa vile vidole vyake vidogo vidogo, akasema, "Mwanangu, baba yako anasifika mji mzima kwa kutokuwa na kitu." Nikacheka. Siku ya tatu alikuja nyumbani kutoka kwenye karakana anakochomelea mageti, akala nusu na kuisukuma sahani. Nilipomdadisi akasema hata mteja amemwita hivyo. Siku nyingine aliniuliza, kana kwamba anauliza bei ya sabuni, kama bondia ambaye hajawahi kuvunjwa kitu anaweza kuitwa bondia.

Nikamwambia anaweza kuitwa mwerevu.

"Kocha anatafuta mtu wa kupeleka kwenye mashindano," akasema. "Hatafuti mwerevu."

Ghalani mambo yaligeuka. Niliyaona kwa macho yangu, maana nilikuwa nakwenda kila jioni kuchukua umri na uzito wa wale waliobaki. Kinga za meno zilianza kusahaulika nyumbani. Mmoja alisema yake imemezwa na mbwa, na wote wakamwamini huku wakicheka. Makonde yaliyokuwa yakielekezwa kifuani na mbavuni yakapanda juu. Kijana mmoja mrefu alipigwa chini ya kidevu hadi akauma ulimi wake, damu ikamchuruzika shingoni, naye badala ya kutema akajipapasa ndani ya mdomo kuona kama kuna kilicholegea. Hakikulegea kitu. Akarudi katikati ya ulingo na kushusha mikono, anangoja apigwe tena. Akapigwa. Goti likakunjika, uso ukagonga turubai kwa mlio wa mbao, na alipogeuzwa alikuwa anatabasamu kwa nusu ya jino.

Mfagiaji alikuta vipande viwili vya meno kwenye vumbi la jukwaa. Wenyewe waligombana ni vya nani.

Kocha alifurahi. Aliniambia vijana hatimaye wamepata moto. Kwa Gongo hakukuwa na moto mpya, yeye alikuwa tanuri siku zote. Alipigana kama mtu anayebomoa ukuta wa jirani aliyemchukia, na kila mara alipompita mume wangu alimwambia, "Baba Kibogoyo, mwanao hana meno, wewe unayo yote. Huoni aibu? Mgawie." Mume wangu alikuwa bado anavaa kinga yake. Aliiweka kwenye kikebe cha bati, na kikebe hicho nilikibeba mimi kwenye mkoba, pamoja na nepi na chupa ya maziwa.

Siku ya kupima upya ilifika. Daktari aliweka kiti chake karibu na dirisha, akanikataza kumwonyesha namba za kwanza ili zisimwelekeze mkono. Aliita, nikaandika. Kufikia mtu wa tano nilirudia kuitazama orodha ya kwanza. Aliyekuwa na saba sasa ana kumi. Aliyekuwa na kumi na moja ana kumi na sita. Yule mrefu alikuwa na mbili, sasa ana tisa. Daktari aliponiomba nilinganishe, alichukua kalamu yangu, akaziangalia zile safu mbili, akavua miwani.

Alisema kwa sauti ndogo kwamba kipimo hiki hakifai. Labda anaita kuvunjika kile alichokiita kumeguka. Labda mwanga wa dirisha. Alionekana kama mtu aliyepimia kitambaa kwa kamba inayovutika.

Gongo ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Kinywa chake kilikuwa kimevimba upande mmoja kama anatafuna mua. Alimtazama daktari kwa matumaini, kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Daktari," akasema, "nimepanda?"

 Daktari alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye, na sote wawili tukaelewa kwa pamoja kwamba mkono haukukosea, na kipimo hakikukosea. Vinywa ndivyo vilivyobadilika, na vilibadilika kwa sababu ya kipimo.

"Basi nitauliza nikirudi," Gongo akasema, akashuka. "Sifuri ananingoja. Kocha anataka kumjua wa kupeleka."

Nilitia mkono kwenye mkoba. Nepi, chupa, kikebe. Nikakifungua kikebe. Kinga ya mume wangu ilikuwa ndani, kavu.

Kengele ikalia kabla sijafika kwenye kamba. Niliita, "Baba Kibogoyo, kinga," lakini alikuwa amekwisha kutoka kwenye kona, midomo wazi, ananionyesha meno yote kama mtu anayeonyesha bidhaa. Nilimwambia kocha asimamishe. Akaniambia, "Shemeji, mambo ya ndani ya kamba yaache ndani ya kamba."

Konde la kwanza la Gongo lilimkosa. La pili lilitua kwenye shavu, na nilisikia meno yakigongana, mlio mkavu kama wa visahani. Mume wangu akajibu kwa kumpiga tumboni mara mbili na juu ya jicho mara moja, ngozi ikafunguka kama mshono, damu ikamfunika Gongo jicho zima. Watu wakapanda kwenye viti. Gongo hakujifuta. Alimkumbatia mume wangu, akamsukuma hadi kwenye kona, akaanza kumpiga kutoka chini, kidevuni, kidevuni tena, kila konde likimwinua visigino. Kichwa cha baba wa mwanangu kilikwenda nyuma na kurudi, kikaenda na kurudi. Mtoto mgongoni aliamka akaanza kulia. Nilizishika kamba, na matone ya joto yakanirukia kwenye mikono.

Kisha konde moja kutoka kando. Kitu cheupe kikaruka, kikadunda kwenye turubai, kikatulia.

Kengele ililia, naye mume wangu akafanya jambo ambalo sikulijua ndani yake. Alimpiga Gongo baada ya kengele. Alimpiga mwenzake akiwa amegeuka, sikioni, kwa nguvu zote za mtu anayebeba mageti ya chuma, na Gongo akaanguka kifudifudi, naye akamwangukia juu akiendelea kupiga, hadi kocha na wengine watatu wakamvuta kwa miguu. Alipoinuliwa, mdomo wake wote ulikuwa kisima chekundu. Alimtafuta daktari kwa macho juu ya vichwa vya watu.

"Ngapi?" akauliza.

 Wote walitaka kusikia.

Daktari alikuwa amekwisha kupanda ulingoni kwa magoti, na sketi yake ya kazini. Alimfungua kinywa kwa vidole, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Thelathini," akasema.

Vijana wakaanza kupiga makelele. Alama thelathini kwa raundi moja. Daktari akainua mkono.

"Thelathini yamebaki. Ulikuwa na thelathini na mawili. Moja limevunjika, moja liko pale chini."

Makelele yalikatika. Gongo alikuwa ameketi, anashikilia sikio. Akauliza kwa taratibu, si kwa ubishi, "Na mimi?"

"Wewe umebakiza kumi na nane."

Alihesabu kwa ulimi. Niliona shavu likitembea. Hakuna aliyecheka, na wengine nao walikuwa wamefumba midomo, ndimi zao zinatembea.

Daktari akaniita. Alikuwa amelishika lile jino kwa upande wa kutafunia, hataki mtu aguse mzizi. Akauliza kama kuna maziwa. Nilitoa chupa ya Kibogoyo, tukafungua kifuniko, jino la baba likazama kwenye maziwa ya mwana. Mtoto alinyoosha mkono akililia haki yake. Kocha, mtu ambaye sikuwahi kumwona amebeba kitu laini, alimpokea, akambembeleza kwa mkono wenye bandeji.

Pale pale kwenye kile kiti cha dirishani daktari alilirudisha jino mahali pake, akalifunga na wenzake kwa waya mwembamba. Mume wangu alitokwa na machozi bila sauti. Alipoletewa kioo, fundi wa kuchomelea aliamka ndani yake, akautazama waya ule, akasema kwa midomo minene, "Kazi haina sura, lakini itashika." Kisha akamgeukia Gongo akaomba radhi kwa lile konde la baada ya kengele. Gongo akasema hakulisikia, na kwa siku chache sikio lile kweli halikusikia kitu. Akamuuliza daktari kama yeye anaweza kuwekewa meno mengine. Kocha ndiye aliyejibu, mtoto bado begani: "Jino la pembe si dawa ya pengo. Anza kwa kuyafunika hayo uliyonayo."

Mashindanoni hakwenda yeyote kati yao. Kocha alimpeleka yule aliyepata saba mara ya kwanza.

Daktari hakukitupa kipimo chake cha kwanza. Alisema madhara lazima yaandikwe, la sivyo chama hakitaamini. Ila madhara sasa yanaandikwa kimya. Kinachoitwa kwa sauti ni meno yaliyobaki. Na katika ripoti aliongeza ukurasa ambao hakuna aliyemlazimisha kuuandika, kwamba baadhi ya meno yale yalivunjwa na utafiti wenyewe. Aliniambia mkono ulimtetemeka alipouandika. Nikamwambia mwandiko bado unasomeka.

Tulipopima mara ya tatu, ukingoni mwa ulingo kulikuwa na vikebe vya bati vimepangwa kama viatu mlangoni. Gongo alipata kumi na nane, yale yale, akashuka kama mtu aliyetetea mkanda. Mume wangu akakaa. Daktari alilibana lile jino kati ya mipini miwili ya vioo vyake, akalisukuma huku na huku.  Halikucheza.

"Thelathini na moja," akasema.

Kijana mmoja alimchukua Kibogoyo, akamkalisha kwenye kiti kwa utani. Mtoto akacheka, na daktari akainama na kioo kana kwamba ni kazi ya kweli.

"Mawili," akaita. Nikaandika pembeni.

"Angalia huyo," Gongo akasema. "Ndiye pekee hapa anayepanda."