Gari Linavuta Kulia

Mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi na kigari chake cheupe, na ukiniuliza nani kati yetu alibembelezwa zaidi sitakudanganya. Mwenzangu alivuliwa viatu na kuvishwa vipya kila msimu. Mimi ndara zangu za bafuni zilikatika, nikazishona mwenyewe kwa uzi wa jinzi.

Lakini siwezi kulalamika sana, maana siku za kazi kigari kilikuwa changu. Nilikiendesha kwenda kwenye chumba changu cha ushonaji na kurudi, vitambaa vimejaa kiti cha nyuma. Jumapili alikichukua yeye, akakipeleka kwenye mbio, katika uwanja wa ndege wa zamani ambao ndege zenyewe zilishaususa. Yeye ni mwalimu wa udereva. Wiki nzima hukaa kiti cha abiria akiwasihi watoto wa watu wasikanyage breki kama wanaoua nyoka, kwa hiyo ikifika Jumapili ana njaa ya usukani. Wenzake uwanjani walimwita Rula. Walisema akipita kona unaweza kupigia mstari nyuma yake.

Wazo la kubadilisha miguu ya gari lilikuwa lake na la mdogo wake, shemeji yangu, fundi mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Walikaa mezani kwangu wakachora kwenye karatasi yangu ya kukatia nguo, bila hata kuomba. Gari moja, kazi mbili. Springi fupi, ngumu kiasi, ili lisilale kwenye kona. Shokapu zenye kifundo cha kuzungusha, unazikaza Jumapili na kuzilegeza Jumatatu ili mke asifike kazini kiuno kimekatika. Bushi mpya, zile raba za viungoni, kila mahali. Na juu ya shokapu za mbele, chini ya boneti, mabamba yenye matundu marefu, ili ukilegeza boliti uweze kusogeza kichwa cha shokapu na tairi iiname utakavyo.

"Mshika mawili moja humponyoka," nikawaambia.

"Shemeji, huyu hashiki mawili," fundi akajibu. "Anashika usukani tu."

Tulicheka wote watatu. Naikumbuka meza ile na natamani kuivunja.

Gari likafungwa vyote hivyo. Nasema ukweli, lilikuwa tamu. Kwenye matuta lilinirusha kidogo, lakini kwenye kona ya kutokea sokoni liligeuka mara moja, bila kuinamisha bega. Nilianza kupita njia ndefu kwenda kazini kwa ajili ya kona zake, ingawa hilo sikumwambia, angevimba kichwa. Jumapili ile ya kwanza nikamsubiri nikijua atarudi anaimba.

Alirudi kimya. Akaweka ufunguo mezani, ukaanguka sakafuni, akauacha.

"Linavuta kulia," akasema.

Shemeji alilipandisha kwenye jeki siku hiyohiyo. Akapima tairi, akatikisa kila kiungo, hakuona kitu. Akabadilisha matairi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Jumapili iliyofuata: linavuta kulia. Akatoa bushi mpya akaweka mpya nyingine. Linavuta kulia. Akabadilisha fimbo za usukani, ambazo hazikuwa na kosa lolote duniani. Bado. Mimi katikati ya wiki nilikuwa naliendesha, naachia usukani kidogo pale barabara iliponyooka, gari linakwenda mbele kama mtu aliyetumwa.

"Halivuti," nikamwambia.

"Wewe unaenda nalo sokoni, bibie. Huwezi kulisikia."

Nilimeza hilo kwa sababu nilikuwa na jambo jingine kooni. Mimi ni fundi nguo, miili ya watu ndiyo kazi yangu, naiona kabla wenyewe hawajaiona. Mume wangu alikuwa ameacha kufunga vifungo vya mkono wa kulia wa shati. Kifungo cha mkono wa kulia hufungwa na mkono wa kushoto. Nikaanza kuutazama mkono wa kushoto akiwa amelala, na pale kati ya kidole gumba na cha shahada, ambapo mtu ana kinyama kilichotuna, palikuwa pamebonyea. Nilipabonyeza, nikakuta ngozi na mfupa.

Asubuhi nikamwambia twende hospitali. Akasema mkono umechoka kwa kushindana na usukani unaovuta. Gari likinyooka, mkono utapona. Nikamwambia hiyo ni akili ya kuku. Tuligombana siku kadhaa, jambo ambalo si kawaida yetu, sisi hugombana kwa dakika chache tukasahau tulichogombania. Mwishowe akakubali nusu.

"Basi sikiliza. Tulimalize gari kwanza. Likimalizika, kila kitu kimepimwa, kimehakikishwa, na kwangu bado linavuta, nitajua ni mimi. Nitakwenda hospitali, utanishika mkono mwenyewe."

Nilishikilia ahadi ile kwa meno. Sijawahi kuombea gari livute, lakini wiki ile niliomba. Hospitali kuna madaktari, kuna dawa, kuna mashine. Kitu kinachojulikana jina kina tiba, ndivyo nilivyoamini, na kila wiki inayopita bila jina niliiona kama wiki ya kuibiwa.

Jumapili akarudi anaimba.

"Limenyooka," akasema, akanizungusha jikoni kwa mkono wa kulia. "Yule mdogo wangu ni mchawi. Limenyooka kabisa."

Nilifurahi nusu dakika, kwa sababu uso wake ulikuwa umerudi. Kisha nikakumbuka ahadi, nikaona imekwenda na maji.

Jumatatu nililitoa nje ya geti, na kabla sijafika barabara kuu likaninyang'anya njia. Lilikuwa linavuta kushoto. Nikalirudisha katikati, likakwenda kushoto tena, taratibu, kama ng'ombe anayejua kwao. Hapo nikaelewa, na sikuhitaji kufungua boneti. Mteja wangu mmoja ana bega lililoshuka upande mmoja. Namkatia koti upande huo mrefu, upande huu mfupi. Kwenye hanga koti lile linatia aibu, lakini akilivaa yeye linakaa sawa, na watu husema ameumbika.

Sikwenda kazini, nilikwenda moja kwa moja gereji.

Shemeji alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana. Nikaipiga teke.

"Toka."

Akatoka, akaniona, akaona gari lilivyoegeshwa, akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na haja ya kufutwa.

"Umeinamisha tairi," nikasema. "Umelipinda gari limfuate yeye."

"Mkono wa kushoto haushiki, shemeji. Wa kulia unavuta peke yake, ndiyo maana linakwenda kulia. Nimesogeza bamba kidogo livute kushoto, basi linakwenda katikati."

"Kwa hiyo uliujua mkono."

"Nilimwona akishindwa kushika spana. Ndugu yangu, shemeji. Ulitaka nifanye nini? Alikuwa anakaa pale kwenye ndoo, ananiambia mdogo wangu, nimesahau kuendesha. Ungemwona uso."

"Ameahidi kwenda hospitali gari likishindikana. Wewe umelifanya lisishindikane."

Hakuwa anaijua ahadi hiyo. Niliiona ikimwingia. Akasema atarudisha mabamba mahali pake, nimpe muda kidogo, kaka yake amalize wiki kwa furaha. Nikampa, kwa sababu na mimi nilipenda zile nyimbo. Wiki ikapita, akanipa sababu nyingine. Wakati huohuo gari lilizidi kunivuta kushoto, Jumatatu baada ya Jumatatu, mpaka nikawa nafika kazini bega linauma, na hapo nikajua kwamba kila Jumamosi shemeji alikuwa anaongeza kidogo. Mkono ulikuwa unakwisha na yeye alikuwa anaufuata kwa spana.

Sikungoja tena. Jumamosi nikaketi gerejini kwenye kiti cha gari kisicho na gari, nikamsimamia mpaka akarudisha mabamba yote mawili kwenye alama za mwanzo, kulia sawa na kushoto. Jumapili asubuhi nikaliendesha mwenyewe kwenda uwanjani, mume wangu kiti cha abiria akinikosoa gia zangu, na gari lilinyooka barabara nzima. Niliachia usukani makusudi ili aone.

Shemeji alitukuta huko, tukangoja wenzake mume wangu wamalize na uwanja ubaki mtupu. Mume wangu akavaa kofia ngumu, akavaa glavu, akaondoka. Kona ya kwanza ni ya kushoto, mwisho wa njia ya kurukia ndege. Gari lilifika, likaanza kugeuka, kisha likaghairi. Likaenda likitanuka kulia, likatoka kwenye lami, magurudumu mawili yakakata nyasi, vumbi likainuka. Nilisikia shemeji akinong'ona jina la Mungu. Likarudi kwenye lami, likamaliza mzunguko polepole kama gari la harusi, likaja kusimama mbele yetu.

Akazima. Akavua glavu ya kushoto kwa meno.

"Umerudisha mabamba," akamwambia mdogo wake.

"Nimerudisha, kaka."

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema. "Na sasa nataka ahadi yangu. Gari ni zima, umeliona asubuhi kwa macho yako. Kwako linavuta. Kesho tunakwenda hospitali."

Alinitazama kwa upole ambao sikuutaka. Mume wangu akiwa mpole hivyo ujue kuna msiba.

"Nilishakwenda," akasema.

"Wapi?"

"Hospitali. Ile kubwa. Kabla hatujanunua springi."

Nilimwambia ni mwongo. Akanieleza, polepole, mikono juu ya mapaja, ule wa kulia umeufunika wa kushoto. Walimchoma sindano kwenye misuli wakausikiliza umeme wake. Wakamwita tena, wakamketisha. Mishipa inayobeba amri kutoka kwenye ubongo inakufa. Inaanza na mkono, inakwenda kwenye mkono mwingine, inakwenda miguuni, inakuja kifuani kwenye pumzi. Ugonjwa huo jina unalo. Alilitaja, na nilipolisikia sikuona dawa yoyote nyuma yake.

"Watu wenye ugonjwa huo hupewa nini?" nikauliza.

"Vya kuwasindikiza."

"Sasa kwa nini uliniahidi?"

"Wewe ulikuwa unaiamini hospitali," akasema. "Mimi nilikuwa na gari. Wewe nikakuachia hospitali."

Nilitaka kumpiga. Nasema hivyo hivyo ilivyokuwa, nilitaka kumpiga mgonjwa usoni kwa mkono wangu mzima, kwa kunilinda kama mtoto, kwa kuniacha niombe gari livute. Badala yake nikalia, na hata kulia kwenyewe nililia kwa hasira, kamasi zinanitoka mbele yao. Shemeji alikuwa amekaa chini kwenye lami, ameegemea gurudumu, anaangalia viatu vyake.

"Na mabamba ulijua?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuendesha." "Ile Jumapili liliponyooka nililia ndani ya kofia. Nilijua umelipinda, na lilikwenda sawa. Nikaona tumekubaliana, basi, hakuna haja ya kusema."

Tukakaa. Upepo ulikuwa unazungusha vumbi kwenye lami iliyopasuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mahali pa kukimbilia. Nilitafuta neno la matumaini, sisi huwa tunayo mengi, ya subira na kheri, ya Mungu hamtupi mja wake. Yote niliyajua kwa moyo na hakuna lililofaa kumwambia.

"Nilitaka kuzunguka mara moja tu," akasema mume wangu. "Likiwa limenyooka."

Nikajipangusa uso kwa kanga. Nikamwambia shemeji afungue boneti.

Alifungua. Akalegeza boliti, akasogeza kichwa cha shokapu mpaka alama ya Jumamosi ya wiki iliyotangulia, akakaza. Mume wangu akaenda hadi katikati ya njia na kurudi. Akatikisa kichwa: bado, kulia. Shemeji akasogeza tena. Akaenda, akarudi. Bado kidogo. Safari hii shemeji aliinama juu ya injini kwa muda mrefu, na aliponiita alininong'oneza ili mwenye gari asisikie.

"Boliti imefika ukingoni mwa tundu, shemeji. Hapa ndipo mwisho. Wiki ijayo sina pa kusogeza."

Nikamwambia akaze.