Ujumbe wa Kwanza kwa Fundi Lifti

Opereta wa simu katika ofisi ya maji alikuwa haoni tangu utotoni. Simu yake ya vibonye haikujua kusema, kwa hiyo meseji zake aliandikiwa na kusomewa na mdogo wake wa kike, aliyeishi naye chumba kimoja. Haikuwa shida, mpaka alipojitokeza Fundi Lifti, mwanamume wa sauti nzito aliyekuja kutengeneza lifti ya ofisi akaondoka na namba yake.

Mwanzoni meseji zilimiminika. Kisha zikapoa ghafla.

"Anasemaje leo?"

"Anakusalimu tu, dada."

Kila siku salamu. Na mdogo mtu aliharakisha kusoma kama anayemeza dawa chungu. Opereta akaingiwa na wasiwasi. Alijaribu kupiga, lakini mchana fundi yumo ndani ya mashimo ya lifti, hapatikani, na jioni masikio ya mdogo yako palepale.

Akanunua simu ya kioo, inayosema, akahamishia laini yake humo. Mwenzake wa kazini, naye haoni, akamfundisha kuiandikia kwa nukta nundu: unaigeuza kioo kitazame mbele, unaikumbatia kwa viganja, vidole vitatu huku na vitatu kule, vidole kadhaa vikigusa pamoja, herufi imepatikana. Kioo chenyewe unakizima kiwe cheusi, sauti ikunong'oneze sikioni kupitia kisikilizi.

Jioni akakaa kitandani, vidole vikicheza.

"Dada, mbona unaipapasa simu iliyozimwa?"

"Naisafisha."

"Kwa vidole vyote hivyo?"

Alikwishatuma: "Habari za kazi? Ni mimi, Opereta."

Jibu likaja mbio. "Acha utani. Opereta haandiki hivi, yeye ana madoido. Na aliniambia nisimtafute, kwamba ana mchumba. Simu yake umeipata wapi?"

Mchumba?

"Ni mimi," akaandika tena. "Sina mchumba."

"Kama ni wewe, siku ile ulinicheka kwa nini?"

"Ulikuwa unaimba juu ya lifti ukidhani hakuna anayekusikia. Ofisi nzima ilikusikia."

Halafu: "Mama yangu! Ni wewe kweli."

Opereta akatoa kisikilizi sikioni.

"Mdogo wangu, eti nimechumbiwa na nani?"

Kitanda cha pili kikalia. "Nani kakuambia?"

"Jibu."

"Niliogopa atakuchezea, dada, nikamwandikia hivyo. Zile salamu nazo nilizitunga."

"Au uliogopa kubaki peke yako?"

Mdogo mtu akaanza kulia. "Yote mawili."

Opereta hakumbembeleza. Aligeukia ukuta, akamwandikia fundi aje Jumamosi.

Alikuja. Mdogo mtu ndiye aliyemfungulia, akamwekea chai. Fundi akamwomba radhi Opereta kwa kumdhania mwizi, naye akacheka. Lakini kila fundi alipotamka neno tamu, Opereta alijiuliza kama anaambiwa yeye, au fundi analijibu lile ambalo mdogo wake aliwahi kumwandikia.

"Tuanze upya," akamwambia mwishowe. "Ya nyuma siyajui."

Fundi akakubali. Mdogo mtu akachukua vikombe, akatoka navyo nje.