Mstari wa Juu

Théogène alikuwa na kiburi cha mtu anayejua tarehe. Wenzake wa mradi wa maji wakiulizwa kazi itakwisha lini, walijibu "Mungu akipenda." Yeye alitaja siku na mwezi, na akitaja aliinua kidevu kama jogoo aliyeshinda ugomvi.

Tarehe zake alizitoa ukutani. Katika ofisi yao ya mbao, mjini, mtaa wa Mapendo, alibandika grafike, karatasi kubwa yenye mistari miwili. Mstari wa chini ulipanda kila juma kwa kadiri ya mabomba ya kutekea maji waliyokwisha kujenga kwenye kambi ya waliokimbia vita, karibu na kijiji cha Munigi. Mstari wa juu ulikuwa jumla ya mabomba yote yanayotakiwa. Ukiushika mwendo wa mstari wa chini, ukauvuta mbele kwa rula mpaka ukutane na ule wa juu, pale inapokutana ndipo kazi inapokwisha.

Lakini mstari wa juu haukutulia. Kila vita vilipowaka Masisi, watu walishuka na magodoro vichwani, kambi ikapanuka, na mstari ukapanda. Théogène alijenga mbio, na mwisho wa kazi ukamkimbia mbio vilevile.

Mama Perpétue, mkulima wa vilima vya Masisi, alikuwa msemaji wa wanawake wa blok ya mwisho, sehemu ya kambi iliyo kule juu kwenye mawe ya volkano. Blok yake ilikuwa haijapata bomba, naye hakumwacha Théogène apite kimya.

"Papa Grafike! Ile tarehe yako imezaa watoto wangapi sasa?"

"Si mimi, mama. Ni mustari ya juu inapanda. Ile mustari ni watu."

"Eee! Kumbe ni sisi tunakukimbiza!"

Wanawake waliangua kicheko. Théogène alihisi masikio yanawaka.

"Sikia, mama. Bomba ya blok yenu, nitaiweka kwa mikono yangu."

"Neno halijazi bidon ya maji, papa. Lakini nimelisikia."

Kisha vita vikaingia mjini kwenyewe. Wenzake wa ofisi walitawanyika, huyu Butembo, yule ng'ambo ya mpaka. Haikuchukua muda, kambi nayo ikavunjwa. Watu waliambiwa na walioteka mji warudi makwao, wakakunja maturubai, wakang'oa hata vijiti. Théogène alipofika alikuta majivu, kandambili za watoto, na mabomba yamesimama juu ya mawe meusi kama wageni waliofika harusini baada ya bibi harusi kutoroka.

Majuma mengi alikaa ofisini peke yake. Alipika chai ya watu watano kwa mazoea, akainywa baridi mpaka jioni. Alianza kubishana na redio. Siku moja simu ililia. Alikuwa Damien, mkubwa wa mradi, aliyekuwa Kinshasa.

"Théo, felisitasyo, hongera! Tumemaliza mbele ya tarehe."

"Tumemaliza nini, shefu? Blok ya mwisho haina bomba."

"Blok gani? Watu hawako. Si wewe ulitufundisha mustari ya juu ni watu? Watu wameenda, shusha mustari. Ikigusana na ya chini unanitumia picha, tunafunga mradi. Kisha ukuje huku, kazi iko."

Théogène alikata simu. Alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Akachukua penseli, akaushusha mstari, na ile mistari miwili ikagusana safi kabisa. Kwa muda mrefu alikuwa ameyaota makutano hayo. Sasa yalimchukiza kama tabasamu la mwongo.

Akampigia Mama Perpétue. Hakuwa na la kumwambia. Alitaka tu kumsikia mtu akimtania.

"Papa Grafike! Bado uko muzima?"

"Niko, mama. Huko muko namna gani?"

"Nyumba haina mabati, shamba imekuwa pori. Lakini muto wa kuteka maji uko. Na bomba yetu?"

"Wanataka niifute. Nyinyi hamuko tena, basi hakuna mwenye kuihitaji."

Perpétue akacheka kicheko kikavu. "Na wale wa Munigi? Tuligombana nao kwenye foleni kila siku. Walikuja na mabidon matupu, tukawafukuza sababu hawana jeton, ile alama ya kuonyesha mutu ni wa kambi. Wao pia wamerudi Masisi?"

Théogène aligeukia karatasi yake ukutani. Juu ya mawe yale hakuna kisima wala kijito. Watu wa Munigi, jirani na blok ile ya mwisho, walikuwapo kabla ya kambi, na wapo hadi leo, na maji huyafuata mbali. Hakuwahi kuwahesabu hata mara moja. Mstari aliojivunia kuwa ni watu ulikuwa ni wenye jeton tu.

"Uniti zako za simu zitaisha, papa," alisema Perpétue. "Na ukule chakula. Sauti yako imekonda."

Théogène aliufuta ule mstari alioushusha kwa penseli. Alizunguka Munigi nyumba kwa nyumba, akauliza nani anateka wapi, akarudi na kuupandisha mstari wa juu. Kisha akaushika wa chini. Mwendo wa zamani ulikuwa wa mikono ya watu wengi. Sasa alibaki na miwili. Alivuta mstari wa nukta kwa mwendo wa majuma mazuri, na mwingine kwa mwendo wa majuma mabaya, na yote miwili ikatoka nje ya karatasi. Ikambidi agundishe karatasi ya pili. Mara hii hakuandika tarehe moja. Aliandika: kati ya Juni na Novemba, mwaka kesho.

Akaipiga picha, akaituma, na Damien alipiga mara tu alipoipokea.

"Nilikuomba ushushe, wewe unapandisha!"

"Watu wako, shefu. Ni sisi hatukuwahesabu."

"Kati ya Juni na Novemba! Hiyo ni tarehe ao ni kazi ya mulozi? Na nani atajenga?"

"Mimi. Tiyo za kupitisha maji zimebaki kwa depo."

"Tiyo tunaziachia wenyeji, fanya unavyotaka. Lakini mradi unafungwa Ijumaa, Théo. Mutabaki wawili, wewe na grafike yako."

"Basi tutabaki wawili."

Simu ikakatika. Ijumaa ilipita bila mtu kumtafuta. Jumatatu alibeba tiyo begani, akapanda nayo mpaka blok ya mwisho, na njiani hakuna aliyemtania. Alipiga nyundo juu ya jiwe mchana kutwa, na jiwe peke yake ndilo lililomjibu. Jioni alirudi ofisini, akauongeza mstari wa chini. Ulipanda, lakini kwa kipimo kilicho chembamba kuliko ncha ya penseli yake.