Paa Moja na Mama Mkwe

Kosa lilikuwa la Felisian, ingawa mwenyewe hakujua kama ni kosa. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kabasa, mzaliwa wa Bukoba, na alipopanga safari ya Pasaka alihesabu vitanda na magodoro tu. Habari za nani ni mkwe wa nani hazikumpitia kichwani. Selestina, mpishi wa kwaya, alipougua, Felisian akatuma salamu Butiama kumwomba mama Nyamburi ashike nafasi yake. Dereva wa siku zote naye alipata udhuru, Felisian akamtafuta mwingine. Basi, kwake mambo yalikuwa yamekaa sawa.

Nyamburi alipandia Makutano kukiwa bado giza, nyuma ya lori, katikati ya wanawake na masufuria. Bintiye Dorkas, mwimbaji wa kwaya, alipomwona akipanda alitaka kumshusha, lakini lori lilikwisha kuondoka. Angefanya nini? Angegonga paa la dereva amwambie nini? Walipofika kwenye nyumba ile ukingoni mwa mto Mara, Nyamburi akashuka na sufuria kichwani, dereva naye akashuka mbele akinyoosha mgongo, wakakutana ana kwa ana. Dereva alikuwa Machage, mume wa Dorkas.

Nyamburi akavuta kanga hadi usoni. Machage akarudi ndani ya lori, akafunga mlango, akakaa humo kama mtu aliyesahau kitu.

Kwao Wakurya jambo hili halina mzaha. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Na la kuogopesha kuliko yote ni uchi: mwanamume akionekana uchi na mama wa mkewe, wazee walisema uzazi wa nyumba ile umefungwa. Mtu anaweza kucheka akiwa Musoma mjini, ana redio na baiskeli. Machage hakucheka. Alikuwa na Dorkas mwaka wa nne, na hawakuwa na mtoto.

Hilo ndilo lililomkosesha Dorkas usingizi. Baba mkwe wake, mzee Mniko, alikwisha kusema hadharani kwamba ng'ombe wake wa mahari wako Butiama wananenepesha watu bure. Arudishwe huyo mwanamke, ng'ombe warudi, kijana aoe mwingine. Mseti, kaka mkubwa wa Machage, alikuwa upande wa baba yake, na kila alipomtazama Dorkas ilikuwa kama anatazama zizi. Machage peke yake ndiye aliyekataa. Hakubishana na mtu, alikataa tu, mwezi baada ya mwezi. Dorkas alimpenda kwa hilo, na aliogopa siku atakapochoka.

Na Mseti alikuwemo safarini. Aliimba besi.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, usiseme. Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha kuchambua pamba aliijenga ili aje kuvua samaki Jumapili. Alipohama baada ya Azimio la Arusha, ushirika ukaishika, ukawa unaikodisha kwa vikundi, na wakulima wa pamba waliozoea kulala juu ya ngozi wakaanza kusema wanakwenda mapumziko, tena kwa sauti ya kutosha jirani asikie. Ilikuwa na baraza pana, vyumba vya wanaume kulia, vya wanawake kushoto, na ngazi za mawe zilizoshuka hadi mtoni. Chini kabisa, ng'ambo ya kijito kilichokauka, palikuwa na banda la mashua lisilo na mashua.

Machage alichukua blanketi lake akaenda kulala bandani.

"Lakini ndani kuna nafasi," Felisian alisema. "Nimemwekea kitanda."

"Mwalimu, acha," Dorkas alimjibu. "Hawezi kuingia. Mama yumo."

Siku mbili zilipita hivyo. Nyamburi hakutoka jikoni mpaka Dorkas ahakikishe njia iko wazi, na ujumbe ulipita kwa Dorkas kama barua kwa tarishi. "Mwambie yule dereva kuni zimeisha." "Mwambie mama kuni ziko nyuma ya nyumba." Wanakwaya walicheka chinichini. Mseti alicheka kwa sauti. "Nyumba ya watu wazima hii," alisema, "na hata mtoto wa kumtuma hawana." Dorkas aliendelea kupanga vikombe. Alitamani kimoja kimvunjikie Mseti kichwani.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Kwaya ilikuwa barazani ikifanya mazoezi ya nyimbo za Ufufuko. Machage alichagua saa hiyo kwenda kuoga nyuma ya banda, akijua mama mkwe yuko jikoni na wengine wote wanaimba. Alifua nguo zake zote, akazianika juu ya jiwe. Hakujua kwamba juu huko milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mto Mara haupigi hodi. Maji yalikuja mekundu, yakiviringisha magogo, yakajaza kile kijito kikavu na kubeba nguo pamoja na sabuni, na Machage alipogeuka, banda lilikuwa kisiwa.

Aliita. Sauti za kwaya zilimfunika. Aliyemsikia ni mtu mmoja, yule aliyekuwa jikoni akichambua mchele peke yake.

Nyamburi alitupa ungo. Alikimbilia lori, akavuta kamba ndefu ya kufungia marobota ya pamba, akateremka zile ngazi huku akipiga yowe. Kwaya ilipofika alikuwa amekwisha kujizungushia kamba kiunoni, amekita mguu kwenye ngazi ya mwisho, na kwa mikono yake ya kulima amerusha ncha ya pili hadi bandani. Wengine wakashika nyuma yake. Machage akaonekana kichwa na mabega, ameing'ang'ania kamba, akivutwa katikati ya maji. Nyuma yake banda lililia, likalala ubavu, likaondoka.

"Vuta!" Mseti alipiga kelele. Katika hilo tu alikuwa kaka.

Wakamvuta mpaka maji yakamfika kifuani, hatua chache tu kutoka kwenye ngazi. Hapo akasimama. Alikuwa ameona nani yuko mbele kwenye kamba.

"Njoo!" Dorkas alisema. "Mume wangu, njoo, unangoja nini?"

"Sina nguo."

Hata Felisian sasa alielewa, akavua shati akamrushia. Maji yakalichukua kabla halijamfikia. Wakarusha kanga, nayo ikaenda. Mto ulikuwa unapanda. Kwenye kona ile ya mto kila mtu wa Mara anajua kuna mamba, na gogo kubwa lilipita karibu na kichwa cha Machage.

"Mama, mwachie kamba Mseti," Dorkas alisema.

"Nikiifungua anakwenda," Nyamburi alijibu. Na ilikuwa kweli; uzito wote ulikuwa kiunoni pake. "Mwambie nimefumba macho. Mwambie atoke."

Dorkas alimwambia. Machage alitikisa kichwa. Meno yalikuwa yanagongana. "Macho yanafumbukaga," alisema. "Akiteleza atafumbua. Dorkas, nikitoka hivi, mimi na wewe hatutapata mtoto. Basi. Watakuwa wameshinda."

Hakuwa na wazimu. Dorkas alimwelewa neno kwa neno, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mtu huyu alikuwa tayari kufa maji kwa ajili ya mtoto wao ambaye hayupo. Alitaka kumtukana. Alitaka kujitupa mtoni amshike shingo amvute. Kamba ikaserereka mikononi mwa watu, Nyamburi akaburutwa hadi maji yakamfika magotini.

Ndipo Nyamburi akafumbua macho na kumtazama mkwewe usoni.

"Machage wa Mniko," akasema, na wanawake wakashtuka, maana hakuwahi kulitamka jina hilo tangu ng'ombe walipoingia zizini kwake. "Mimi si mkwe wako. Mwanangu nimemchukua leo. Ng'ombe zako zitarudi zote, na ndama zake. Mseti, wewe ni mkubwa wa nyumba yenu. Umesikia?"

Mseti alikuwa ameishika kamba kwa mikono yote miwili.

"Nimesikia," akasema. "Watu wote hapa wamesikia."

"Basi wewe kijana ni mtu baki kwangu. Kama watoto wa watu wengine tu. Toka kwenye maji."

Machage alimtazama Dorkas. Dorkas aliitikia kwa kichwa, naye Machage akatoka.

Jioni mvua ikafika na kwao, nyembamba na ya baridi. Chakula kilipakuliwa mezani, wali na sato wa kukaanga, na hakuna aliyekuwa na hamu. Machage alikuwa ameazimwa suruali na Felisian, fupi mno, amejifunga blanketi, amesimama nje kizingitini. Nyamburi alikuwa amekaa ndani, mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Ingia, mura," Mseti alimwambia ndugu yake, kwa upole ambao Dorkas hakuwahi kuusikia kwake. Alivuta kiti. "Mvua inakupiga bure. Humu hakuna mkwe wako. Ingia ukae, tule, kesho tukamwambie mzee."

Chumba chote kilielewa. Neno la Nyamburi lilisemwa mbele ya mashahidi, lakini lilikuwa neno la upande mmoja. Machage akiingia chini ya paa lile na kuketi na yule mama, atakuwa amelipokea, na Mseti atakuwa na la kupeleka kwa baba yake. Hapatakuwa na mabishano tena. Wala hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa anatetemeka, na kiti kilikuwa karibu na moto.

Dorkas alishika sahani asijue amwekee nani. Alitaka aingie apate joto. Alitaka asiingie. Aliitazama miguu ya mumewe pale kizingitini, ina matope mpaka kwenye vifundo, na moyo wake wote ukawa kwenye miguu ile. Mguu wa kulia ulisogea. Mseti akatabasamu.

Machage aliokota kigoda kilichokuwa kando ya mlango, akakibeba hadi chini ya mchirizi wa paa, nje, akakaa na kuipa nyumba mgongo.

Mseti akakisukuma kile kiti, kikaanguka. Felisian alikohoa. Nyamburi aliuangalia mgongo ule uliolowa, kisha akavuta kanga taratibu mpaka usoni.

"Dorkas," akasema kutoka ndani ya kanga. "Mpelekee mume wako chakula. Na umwambie yule dereva asogee, dirishani hapo namwona."